Tuandikie, Usipige Simu

Duka la kaka yake liliuza vifaa vya kusikia, lakini tovuti yake ilikuwa ikifunguka tu inapiga muziki. Hivyo ndivyo dada mtu alivyoikuta siku ya kwanza alipoifungua kwenye kompyuta ya mapokezi. Muziki wenyewe hakuusikia. Aliuona kwa yule msichana wa mapokezi, aliyeruka kutoka kitini akakimbilia kupunguza sauti kabla wateja hawajageuka. Wateja hawakugeuka. Wengi wao, kutosikia ndiko kulikokuwa kumewaleta pale.

Nyumbani dada huyo walimwita Kimya. Hakuzaliwa na jina hilo. Lilimfuata baada ya homa iliyompanda kichwani, ndiyo kwanza ameanza shule, ikapoa na kuondoka na masikio yake yote mawili. Kuongea aliongea, kwa sauti iliyonyooka kama ya mtu anayesoma tangazo, na maneno ya wenzake aliyasoma midomoni, mradi mwenye mdomo amwelekee. Aliyemfundisha kusoma midomo si mwalimu, ni kaka yake. Kila jioni kaka alimketisha kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, akamrudia masomo ya siku ile, polepole, akikifumbua kinywa kama samaki, mpaka watoto wa jirani wakawa wanakuja kuchungulia na kucheka. Kaka hakujali. Na kifaa cha kwanza cha Kimya, kilichotumiwa na mtu mwingine kabla yake, kilipokufa, kaka ndiye aliyekifungua kwa bisibisi ya kukazia miwani, akakitazama wiki nzima, akakifufua, ingawa kilimfikishia vishindo tu, si maneno. Kazi yake ilianzia hapo. Mtu akitaka kujua kwa nini Kimya aliumia vile baadaye, aanzie kwenye zile ngazi.

Kaka alikua, akasomea masikio, akafungua duka lake ghorofani, juu ya muuza mapazia. Wateja wakamwita Fundi Masikio. Mkono wake ulikuwa mwepesi na moyo wake haukuwa mbaya, ila wateja walikuwa wa kuhesabika. Kimya wakati huo alikuwa ametoka kwenye kampuni ya bima, mkataba umekwisha, kazi yake ikiwa kutengeneza kurasa za mtandaoni ambazo watu wangeweza kuzielewa. Kaka akamwita. Akamweleza kwamba aliwalipa vijana fulani wakamjengea tovuti ya kisasa, lakini watu hawaioni. Mtu anamtafuta fundi wa masikio na yeye yupo umbali wa mtaa mmoja, anaishia kwa fundi wa mji wa pili.

Kimya aliisoma tovuti ile mwanzo hadi mwisho, kisha akaisoma tena, kwa sababu mara ya kwanza alidhani kuna kitu kimempita. Juu kabisa iliandikwa kwa herufi nyembamba za kijivu, “Suluhisho bunifu za usikivu kwa maisha yenye tija.” Chini yake picha kubwa ya mzungumzaji wa mikutano, ikipita na kurudi, nzito kiasi kwamba simu ya kawaida ingeweza kuzimika kabla haijaifungua yote. Hakuna bei. Hakuna picha ya mlango. Ramani ilionyesha duka lipo mtaa wa nyuma, kwenye bucha. Mwenye bucha alikuwa amezoea. Wazee walimjia mmoja mmoja, wakimwuliza kwa sauti kubwa kama hapa ndipo kwenye masikio, naye akawajibu kwamba masikio yamekwisha, ulimi bado upo.

Siku zilizofuata Kimya hakugusa kompyuta. Alikaa kwenye chumba cha kusubiria, kati ya wateja, kama mmoja wao, akawauliza jambo moja tu: ulipoanza kutafuta msaada, uliandika maneno gani kwenye simu yako? Hakuna aliyekuwa ameandika usikivu wala suluhisho bunifu. Mmoja aliandika “masikio yanapiga kelele yenyewe”. Mwingine, “mtoto haitiki akiitwa”. Mwingine, “mashine ya sikio inapiga filimbi”. Bibi mmoja alikiri kwamba mjukuu wake ndiye aliyemwandikia, na alichoandika ni “bibi ananijibu vitu vingine”. Kimya akayachukua maneno yao kama yalivyo, kila swali akalijengea ukurasa wake, na kichwa cha ukurasa kikawa swali lenyewe. Herufi akazikuza. Picha ile nzito akaitoa, akaweka ya mlango wa muuza mapazia, ngazi zinazopanda kushoto kwake, na mtu anayekungoja ukifika juu. Akairudisha ramani mahali pake. Akaandika bei. Muziki aliuua kabla ya kitu kingine chochote.

Waligombana mahali pamoja tu, na ugomvi wenyewe ulikwisha kwa kicheko. Kaka alitaka namba ya simu ikae juu, kubwa kuliko vyote. Alisema mteja akipiga simu unamkamata, akiandika anaponyoka.

“Kaka,” Kimya akamwambia, “mteja wako hasikii. Utamkamataje kwa simu?”

Kaka alimtazama, midomo imebaki wazi. Halafu akacheka mpaka akafuta machozi, akamkumbatia, akasema kweli kabisa, kweli kabisa, na yeye wa kulisahau jambo hilo ni nani. Juu ya tovuti kikakaa kitufe cha kijani kilichoandikwa: Tuandikie, usipige simu.

Na watu wakaandika. Hapo ndipo Kimya alipoipenda kazi ile kuliko alivyowahi kupenda kazi yoyote. Kuna dereva mstaafu aliyeandika kutokea msalani ili mkewe asimwone, akitaka kujua kama kuna kifaa kinachosikia kila kitu isipokuwa mke. Kimya akamjibu kwamba bado hakijaundwa, ila vyote vina kitufe cha kuzimia. Kuna mama aliyeandika kwamba mfuniko wa sufuria umeanguka jikoni, nyumba nzima imeshtuka, na mwanawe wa miezi michache hakupepesa hata jicho. Alimwita mtoto Kipepeo. Kimya aliandikiana naye kwa siku nyingi, kwa sababu mama yule kila akifika mahali pa kusema atakuja, alikuwa anaogopa. Hatimaye alikuja. Kimya alisimama mlangoni mwa chumba cha vipimo akamwona Kipepeo akivalishwa kifaa, kaka amepiga magoti mbele yake, akamwita jina lake, na mtoto akageuza shingo. Mama mtu alikaa chini sakafuni. Kaka akainua macho, akamtafuta dada yake, wakatazamana. Baadaye, katika uchungu wake wote, Kimya hakuwahi kusema kwamba siku ile ilikuwa ya uongo.

Habari zikatembea. Mtu akiandika tatizo la sikio, kutoka kona yoyote ya mji, duka la kaka lilijitokeza la kwanza. Foleni ikashuka ngazi, muuza mapazia akalalamika, kisha akawawekea wateja benchi maana na wao walianza kununua mapazia. Kaka akakodi vyumba vingine. Akanunua suti. Siku moja televisheni ikamwita. Kimya na mama yao walikaa sebuleni kumtazama, na kwa kuwa kipindi hakikuwa na maandishi, Kimya alisoma midomo. Mtangazaji alimwuliza kaka wazo la kuwafikia watu kwa namna ile alilitoa wapi. Kaka akakaa vizuri kitini, akajibu, “Nilikaa nikajiuliza, mtu asiyesikia anahitaji nini?”

Katika midomo yote duniani, ile ndiyo aliyoisoma bila kukosea. Alijifunzia hapo.

Alijipa sababu: televisheni dakika zake chache, na mtu akiwa mbele ya kamera hawezi kuanza kutaja ukoo mzima. Mama alimpigapiga goti, akamwambia sifa ile ni ya nyumba nzima, kwa nini amenuna. Kimya akasema hajanuna.

Kisha akaja mwekezaji. Alikuwa na maduka ya dawa kila mahali, alikuwa na sauti ya chini na masharubu mazito yaliyofunika mdomo wa juu, kwa hiyo Kimya hakuweza kusoma hata neno lake moja. Alimtaka kaka waungane. Vikao vikaanza, na Kimya akataka kuingia, kwa kuwa tovuti ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyokuwa mezani. Kaka alimjibu kwa upole, akiwa amemshika bega. Alisema watu wale wanaongea harakaharaka, wanaingiliana, kila mara angelazimika kusimama amrudie. Angechelewesha mazungumzo. Yeye angemweleza yote jioni.

Jioni alimweleza kwamba mambo yanakwenda vizuri. Kesho yake hivyohivyo. Jioni zilizofuata akawa anachelewa kurudi, na Kimya akaacha kuuliza.

Alilijua lililoamuliwa kwa njia ya kipuuzi. Alifika kazini asubuhi, akaandika neno lake la siri, kompyuta ikamwambia si sahihi. Akadhani vidole vimeteleza. Akaliandika tena kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Si sahihi. Akafungua tovuti kwenye simu yake kama mteja yeyote, na hakuitambua. Herufi zilikuwa zimerudi kuwa nyembamba na za kijivu. Zile kurasa zenye maswali ya watu hazikuwepo. Badala yake kulikuwa na sehemu moja ya bidhaa na huduma, ndani ya tovuti kubwa ya maduka ya dawa, baada ya vitamini na kabla ya mafuta ya ngozi. Juu kabisa, kubwa kuliko vyote, namba ya simu. Na chini, penye kichwa cha “Safari Yetu”, ilikuwepo picha yake yeye, mtoto wa darasa la kwanza, kifaa kikubwa kama kibiriti kimening'inia kifuani, macho yamemtoka. Maelezo yalisema kaka mmoja aliapa kwamba hakuna mtoto mwingine atakayeishi katika giza la ukimya.

Kilichomtesa zaidi si picha. Jana yake, alipokuwa anafunga kazi, aliona ujumbe wa mama Kipepeo. Mtoto alikuwa amekua, kile kipande cha kuingia sikioni kimekuwa kidogo, kifaa kinapiga filimbi usiku na mchana, mtoto anakivua na kukitupa. Je, aendelee kumlazimisha? Kimya alisema moyoni atamjibu asubuhi akiwa ametulia, kwa sababu mama yule alihitaji maneno yaliyopangwa. Sasa asubuhi ilikuwa imefika na mlango umefungwa. Namba ya mama yule ilikuwa mle ndani. Jina lake halisi hakulijua.

Aliingia ofisini kwa kaka bila kubisha. Kaka alikuwa peke yake, amevaa shati jipya lenye nembo ya maduka ya dawa kifuani. Alipomwona uso akainuka haraka, kama mtu aliyekuwa anaingojea saa hiyo na bado hakuwa tayari.

“Nani anawajibu walioandika?” Kimya akauliza.

“Kuna kituo cha simu. Vijana wamefundishwa vizuri.”

“Cha simu.”

“Kimya, usianze. Wengi wana ndugu wa kuwapigia.”

“Kila mmoja ana ndugu?”

“Mbona wewe ulikuwa na mimi.”

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayetoa mfano mzuri, na ndiyo maana lilimkata. Kimya alisimama pale akitafuta jibu, akakuta kila jibu lingemlazimu kuzikana zile ngazi za nyuma ya nyumba, na kuzikana hakuweza. Akaomba basi apewe ujumbe mmoja tu, wa mama Kipepeo, aumalize. Kaka alisema ujumbe wote na kumbukumbu za wateja sasa ni mali ya kampuni, hata yeye haruhusiwi. Kisha akamwambia wamemfikiria na yeye. Mwekezaji anamtaka awe balozi. Atasimama kwenye maonyesho, avae kifaa, aeleze alivyoteseka na alivyookolewa. Kazi nyepesi, watu watampenda.

Kimya alichukua mkoba wake na kikombe chake cha chai. Kaka alimfuata mpaka kwenye ngazi, akiongea. Kwa kuwa alikuwa nyuma yake, alichosema hakikumfikia mtu.

Mama alimsikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha akamwambia, “Sikio halipiti kichwa, mwanangu.” Alimkumbusha nani aliyemsomesha midomo, nani aliyefungua kifaa kile kwa bisibisi. Mkubwa akikosea huombewa, haanikwi. Kimya akamwuliza kama na yeye ameiona picha ile mtandaoni. Mama akasema ameiona, na alikuwa mtoto mzuri sana.

Alimtafuta mama Kipepeo. Alirudi hadi bucha, akamwuliza mwenye bucha kama amemwona mwanamke mwenye mtoto mdogo. Alikaa kwenye benchi la muuza mapazia asubuhi kadhaa akiwatazama wanaopanda. Akaandika kwenye kumbi za mtandaoni ambako wazazi huulizana mambo ya watoto, akaeleza kwa mapana la kufanya kifaa kinapopiga filimbi, akitumaini macho ya mama yule yatapita hapo. Watu wengi walimshukuru. Mama Kipepeo hakuwemo. Kimya hakujua kamwe kama Kipepeo alibaki na kifaa sikioni au kilibaki kwenye droo, mtoto akarudi alikokuwa.

Duka lilichukua muda kufa. Wateja wa zamani waliendelea kuja, maana njia walikuwa wanaijua. Wapya ndio walioacha. Waliokuwa wanaandika “masikio yanapiga kelele yenyewe” waliendelea kuandika hivyohivyo, lakini maneno yale hayakuwa tena mahali popote kwenye tovuti, kwa hiyo mtandao ukawapeleka kwingine. Waliobahatika kuikuta walikuta namba ya simu. Msichana wa mapokezi alimweleza Kimya walipokutana sokoni kwamba kituo cha simu kililalamika rasmi: wateja wengi wanapiga, wanapiga kelele “haloo, haloo”, kisha wanakata. Waliwaandika kuwa ni wasumbufu. Msichana alikuwa anacheka alipokuwa anasimulia, halafu akaacha.

Mwekezaji hakuwa mtu wa kubembeleza hasara. Alihamisha mashine za vipimo, akaziweka kwenye pembe za maduka yake ya dawa, na mkataba ukawa umempa haki ya jina pia. Fundi Masikio akapewa kiti na meza nyuma ya rafu za sabuni. Alikaa huko kwa muda, kisha wakampunguza.

Ndipo alipokuja kwa dada yake. Kimya alikuwa amepata kazi kwa muuza vigae, tovuti yake ikawa inajitokeza ya kwanza kwa kila anayeuliza kigae gani hakitelezi bafuni. Alikuwa anaishi chumba na sebule, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Kaka alikataa chai. Alimweleza anataka kuanza upya, kidogokidogo, chumba kimoja, jina jipya. Alihitaji tovuti kama ile ya mwanzo. Alisema hakuna anayeweza isipokuwa yeye. Kimya akamwambia hawezi, ana kazi. Kaka akainuka, akaenda dirishani, akasimama akiutazama ule ukuta, na mabega yake yakaonyesha kwamba anaongea.

Aliongea kwa muda mrefu. Kimya aliyatazama mabega yakipanda na kushuka, mkono mmoja ukikuna kisogo kama alivyofanya utotoni akiwa na aibu. Alijua ni nini kinachosemwa. Alikuwa amekingoja. Kilichotakiwa ni kumwambia tu, kaka, geuka, na angegeuka, na angerudia kila neno polepole kama zamani. Neno lenyewe lilifika mpaka kwenye meno. Hakulitoa. Kaka alipomaliza akageuka, macho mekundu, akangoja. Kimya akamwuliza kama ana uhakika hataki chai.

Hakumjengea tovuti. Kaka sasa anafanya kazi yake kwa kuzunguka nyumba za watu waliomjua, na wasiomjua hawana pa kumjulia. Wawili hawa hukutana kwa mama, mmoja akifika mwingine akiwa anaaga.

Na mama ameanza kupoteza masikio. Kimya aliligundua kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu alimwona mama yake anatazama midomo. Redio ya jikoni imepanda sauti mpaka jirani ameshtaki, na ukimwita kutoka nyuma anaendelea kuosha vyombo. Aliye bora kuliko wote kwa kazi hiyo ni mwanawe mwenyewe, na kumwambia kungehitaji ujumbe wa mstari mmoja. Kimya aliuandika, akaufuta. Akampeleka mama kwa fundi mwingine, mgeni, mbali, akalipa, wakarudi na kifaa kisichomkaa vizuri.

Mama hukivaa Kimya anapokuja. Kaka anapobisha hodi hukivua haraka na kukiweka chini ya mto, ili asije akamwuliza nani amemtengenezea, kisha huketi karibu naye, akiitikia kwa kichwa kila anachosema.